Masikio ya Kuazima

Waandishi sita wa habari za muziki walikuwa wameketi kwenye studio ya kurekodia, hedifoni kubwa masikioni, kila mmoja akijitahidi kuonekana anaelewa jambo kuliko mwenzake. Mmoja alitikisa mguu. Mwingine aliandika neno, akalikata, akaliandika tena lile lile. Kijana mmoja wa mtandaoni, ambaye hakuwa ameandika sentensi kamili tangu aache shule, alikunja uso kama anayesomewa hukumu. Kusifu muziki ni kazi nyepesi mtu akiwa hana haya, na chumba kile hakikuwa na mwenye haya hata mmoja.

Katikati yao alikaa Hakimu. Jina hilo alipewa na wanamuziki wenyewe, kwa kuwa safu yake ya Ijumaa gazetini ndiyo iliyoamua nani apande jukwaa la wakubwa na nani arudi kuimba kwenye harusi za watu. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na koti ambalo halikuvuliwa hata joto lizidi vipi. Hacheki. Haulizi. Kwenye maonyesho aliondoka baada ya nyimbo mbili tatu, na watu walinong'onezana, "Umeona? Hajaridhika." Kumbe mwenyewe hakuwa ameambulia kitu. Miaka ya kusimama kando ya spika ili apigwe picha na mastaa ilikuwa imemla masikio. La kulia lilikufa kabisa. La kushoto lilisikia tu pale mtu alipopaza sauti kwa karibu, na hata hapo ilibidi amtazame midomo.

Siri hiyo aliijua mkewe peke yake. Mke alikuwa fundi cherehani, mashine yake ikiwa sebuleni, na kila wimbo Hakimu aliopewa aliuleta nyumbani ukasikilizwa na mkewe huku anashona. Jioni mke humgeukia, humsemesha polepole usoni: "Huyu sauti anayo, ila anaimba kama anakimbizwa." Ijumaa jiji zima linasoma kwamba huyu sauti anayo, ila anaimba kama anakimbizwa. Watu walikata maneno hayo gazetini wakayatia kwenye fremu. Mke hakutajwa hata kwa bahati mbaya.

Siku hiyo utaratibu huo ulishindikana. Prodyuza alikuwa amevujishiwa nyimbo mara nyingi kabla ya wakati wake, na safari hii alikataa kumpa mtu yeyote nakala. "Mnasikilizia hapa hapa," alisema, "na simu mnaacha mlangoni." Albamu yenyewe ilikuwa ya Chiriku, mdogo wa mwisho wa mke wa Hakimu, kijana mpole aliyekuwa akilala kwenye kochi la sebule ile ile ya cherehani. Prodyuza alikuwa amemkataza hata kuziimba bafuni, naye alitii, kwa hiyo nyumbani hakuna aliyezijua.

Hakimu akafumba macho. Alizoea angalau kuhisi besi ikitetemesha mfupa wa shavu. Safari hii hakuhisi kitu, akajiambia kwamba vijana wa siku hizi hawajui kuweka besi. Akatikisa kichwa polepole. Akanyanyua kidole kimoja hewani, ungedhani anamwomba mpiga gitaa asiharibu pale alipofika. Alichungulia kwa jicho moja akaona wenzake wanajiweka sawa kwa mara ya pili, akajua sasa ni wimbo wa tatu, akafuta chozi ambalo halikuwepo.

Waya wa hedifoni yake ulikuwa sakafuni. Aliuchomoa mwenyewe kwa kiatu wakati anakaa, na ncha yake ilikuwa imelala juu ya zulia mbele ya macho ya kila mtu. Waandishi wenzake waliuona, wakanyamaza kwa raha zao. Chiriku, aliyesimama nyuma ya kioo, aliuona tangu mwanzo, akatazama pembeni. Hakujua mtu anamwambiaje shemeji yake jambo kama lile mbele za watu. Mpiga picha wa prodyuza, aliyeitwa kurekodi video ya matangazo, aliuona naye, akaisogeza kamera ili uonekane vizuri zaidi.

"Wimbo wa tatu," alisema Hakimu baada ya kuvua hedifoni, kwa ile sauti yake kubwa iliyowatisha watu, "umenikata maini."

Video ilitoka kesho yake. Kufikia jioni watu walikuwa wameshaitia sauti za kila namna: mbuzi, king'ora cha gari la wagonjwa, mtoto anayelilia kunyonya, huku Hakimu akitikisa kichwa na kufuta chozi. Kama ingeishia kwenye kucheka, ingepita. Lakini mmoja wa wale waandishi, mtu aliyekula meza moja na Hakimu miaka mingi, aliandika kwamba mwimbaji ni shemeji yake na anaishi nyumbani kwake. Hapo kicheko kikageuka. Hasikilizi hata kusikiliza, wakasema, anasifu tu kwa kuwa ameshalishwa. Na aliyemlisha ni huyo huyo Chiriku.

Mama mkwe wa Hakimu alikuwa amekuja kukaa kwao kwa ajili ya albamu ya mwanawe. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wakati Hakimu anarudi.

"Baba," alimwita, "hicho wanachokionyesha majirani kwenye simu ni kitu gani?"

Hakimu alikuwa ametazama mbele. Akampita, akaenda zake chumbani.

"Umemwona?" mama mkwe akamwambia bintiye. "Amenipita kama amepita kiti. Tangu nije nimemsalimu mara ngapi? Mimi, mama mkwe, ndiye ninayeanza salamu, na bado hanijibu."

"Ndivyo alivyo, mama. Kichwa kimejaa mambo ya kazi."

"Kazi gani hiyo inayomla mtu adabu?"

Mke akainamia cherehani yake. Aibu ile alikuwa ameibeba miaka mingi kwa niaba ya mumewe, kwa majirani, kwa mafundi, kwa mwalimu wa watoto, na sasa kwa mama yake mzazi. Hakimu alimwapisha asiseme. Alikuwa amepiga hesabu yake akaona heri aitwe mwenye dharau kuliko aitwe kiziwi, kwa sababu mwenye dharau watu humpisha njia na kiziwi humshika mkono. Na kweli jiji lilimpisha njia. Jiji lile lilikuwa na ujinga wa aina hiyo: ukilinyima salamu, linadhani una kitu.

Chiriku aliingia jioni, akakaa kwenye kochi lake bila kuvua viatu.

"Redio wameahirisha," alimwambia dada yake. "Walikuwa wapige wimbo asubuhi. Wamesema kwanza hewa itulie."

"Itatulia."

"Na wale wa tamasha hawapokei simu. Walikuwa wamenipa nafasi, dada, kabla hata ya wale wakubwa. Wewe si uliniona nilivyorukaruka humu ndani." Alianza kufungua kamba za viatu. "Sasa mimi nimhonge shemeji kwa kitu gani? Si hata nauli ya studio nilikuwa nachukua kwako?"

"Mimi najua."

"Niliuona ule waya. Ningejifanya nimejikwaa, nikauchomeka."

"Usijisumbue," alisema dada yake. "Hata ungeuchomeka."

Chiriku alimtazama akisubiri amalizie. Dada alikata uzi kwa meno, akachukua kipande kingine cha nguo.

Mhariri alimpokea Hakimu ofisini huku anatafuna karanga, jambo lililomtia Hakimu jasho, kwa sababu hakuna kitu kigumu kusoma kama midomo inayotafuna. Alichagua kiti kilicholipa dirisha mgongo, kama kawaida yake, ili mwanga umwangukie mwenzake usoni. Ofisini walidhani ni maringo ya mkubwa asiyependa jua.

"Nieleze," alisema mhariri. "Waya uko chini na wewe unalia. Ulikuwa unalia nini?"

Hakimu alipapasa ndevu.

"Una tatizo la masikio?"

Neno hilo Hakimu angelisoma hata kwenye mdomo wa mtu aliyelala. "Hapana," akajibu haraka.

"Afadhali. Basi ulihongwa." Mhariri alisema hivyo kwa utulivu wa daktari aliyegundua kwamba ni mafua tu. "Kuhongwa kunaeleweka. Humu ndani nani hajapokea kitu kidogo? Mimi mwenyewe viatu hivi sikununua. Unakwenda redioni, unaomba radhi, unakaa pembeni miezi miwili, unarudi umenenepa. Lakini mwandishi wa muziki asiyesikia, huyo nitamweka ukurasa gani? Wa vifo?"

Akacheka peke yake, punje moja ya karanga ikamtoka ikatua mezani, akaiokota akairudisha mdomoni.

"Na kijana?" aliuliza Hakimu. Tumpe haki yake, aliuliza.

"Kijana nani?"

"Shemeji yangu."

"Huyo ndiye unayemtaja. Alikupa kitu, ukaona aibu kukataa kwa kuwa ni ndugu. Watu wanapenda mambo ya ndugu." Mhariri alipangusa mikono kwenye suruali. "Ataimba vingine. Hawa vijana wanaota kama magugu, unang'oa mmoja leo, kesho wako kumi."

Hakimu alikubali, kwa sharti moja. Maswali aletewe mapema, kwa mpangilio, na mpangilio usibadilishwe. Mhariri alikubali bila kushangaa, maana hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Hakimu miaka yote. Yeye mwenyewe aliwahoji wasanii kwa kuwapa maswali kwenye karatasi wakamjibu kwenye karatasi, na wasanii walikuwa wakijisifu kwa wenzao kwamba Hakimu si mtu wa kupayuka ovyo kama hawa wengine.

Alimweleza mkewe siku ya mahojiano yenyewe, baada ya chakula cha mchana, mama mkwe akiwa uani na Chiriku ametoka kwenda kuwagongea watu wa tamasha milango yao. Mke aliisimamisha cherehani, akamgeukia.

"Useme amekuhonga?"

"Kitu kidogo tu."

"Nani? Huyu anayelala kwenye kochi?"

"Punguza sauti," alisema Hakimu, ambaye sauti yake mwenyewe ilikuwa inasikika mpaka kwa jirani wa pili.

"Sema ukweli. Sema masikio yamekufia kazini. Mtu akivunjika mguu kazini anaona haya?"

"Mchezaji wa mpira akivunjika mguu hachezi tena. Unataka wanihurumie? Siku wakinihurumia nimemwaga unga. Watauliza, miaka yote hii alikuwa anaandika nini huyu?"

"Ulikuwa unaandika yangu."

Hakimu aliyasoma maneno hayo vizuri kabisa, akajifanya yamempita. Hiyo ndiyo faida pekee aliyoipata kwenye uziwi wake, na aliitumia kila alipobanwa.

"Yeye bado mdogo," alisema. "Ataanza upya. Mimi nitaanza nini?"

"Ataanza wapi? Albamu ya kwanza, na jina limeshaitwa mhongaji na shemeji yake mwenyewe. Nani atampa jukwaa? Nani atampigia wimbo? Unamzika mtoto wa mama yangu ili wewe uendelee kuchukuliwa picha."

"Watu wanasahau."

"Wewe umesahau lini?"

Hakimu alikwenda kabatini akaanza kutafuta tai, na akiwa ameinama huko ndani alisema, "Nahitaji twende wote. Yule mtangazaji ana tabia ya kurukiaruka maswali. Kaa mbele yangu. Akibadilisha, niambie kwa midomo."

Mke aliutazama ule mgongo wa koti. Alikuwa amelishona yeye.

"Nitakuja," aliuambia mgongo. "Ukisema kweli, nitakusemesha neno kwa neno mpaka mwisho. Ukimtaja mdogo wangu kwa uongo, tafuta midomo mingine."

Alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayeongea na mwenziwe, naye alijua kabisa kwamba kwa sauti hiyo mumewe hawezi kusikia. Angeweza kumshika bega amgeuze arudie. Miaka yote alikuwa akimshika bega. Leo hakumshika.

Hakimu aliinuka na tai mkononi. "Umesema utakuja?"

Akaitikia kwa kichwa.

Chumba cha matangazo kilikuwa kidogo na kimejaa harufu ya zulia lisiloona jua. Mtangazaji, mwanamke kijana mwenye sauti iliyopendwa na madereva, alikaa nyuma ya kipaza sauti chenye sifongo kubwa jeusi lililomfunika kuanzia pua mpaka kidevu. Hakimu aliliona sifongo hilo, akajua hapo hakuna midomo ya kusoma. Akamtazama mkewe, aliyewekewa kiti upande wa pili wa meza na kipaza sauti cha mgeni ambacho hakuna aliyefikiri atakitumia. Mtangazaji alimnyooshea mke kidole akauliza huyu ni nani, Hakimu akajibu ni msaidizi wangu, mtangazaji akamsalimia msaidizi.

Wakavalishwa hedifoni. Taa nyekundu ikawaka.

Mwanzo ulikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Swali la kwanza lilihusu alivyoingia kwenye kazi hii. Mke aliyakariri maneno ya mtangazaji kwa midomo bila kutoa sauti, kama walivyozoea, na Hakimu akaeleza mapenzi yake kwa muziki tangu utotoni, habari ambayo ingewashangaza waliomjua utotoni. Swali la pili lilihusu wajibu wa mwandishi kwa jamii. Akasema mambo mazito. Nyuma ya kioo fundi mitambo alipiga miayo.

Swali la tatu lilikuwa ndilo lenyewe: ilikuwaje siku ile? Mke akamletea midomoni, taratibu, kila silabi, akabaki anamtazama machoni.

"Nakiri," alisema Hakimu, akaweka kituo kizuri. "Nilipokea kitu kidogo. Nilipewa na msanii mwenyewe, Chiriku, ambaye ni shemeji yangu. Niliona vigumu kumkatalia ndugu."

Mke akafunga mdomo. Akaweka mikono mapajani.

Mtangazaji alikuwa na maswali yake mezani kwa mpangilio kama alivyoombwa, lakini hakuwa mjinga kiasi cha kupitwa na hilo. "Ngoja kidogo," alisema. "Huyu Chiriku si ndiye anayelala kwako? Alipata wapi cha kukuhonga?"

Hakimu alimtazama mkewe. Ile midomo haikucheza. Alisubiri kidogo, akapandisha nyusi, akamsukuma kwa mguu chini ya meza. Midomo haikucheza. Basi, akajiambia, hakuna kilichobadilika, ni lile swali la nne.

"Kwa wasomaji wangu," alisema, "naomba radhi kwa moyo mweupe."

"Hilo tumelisikia. Nakuuliza, kijana alipata wapi?"

"Vijana wajitume," alisema Hakimu, "na wasipende njia za mkato."

Fundi mitambo aliacha kupiga miayo. Mtangazaji alilisogeza lile sifongo pembeni, akainama mbele. "Mzee wangu, unanisikia?"

Hakimu alikuwa ameshageuza macho kwa mkewe, kwa hiyo hakuiona midomo ile nayo. Sasa alikuwa na hofu ya kweli, hofu ya mtu aliyeingia mtoni akadhani kina ni cha magoti. Alijibu swali la sita.

"Ndiyo. Natarajia kuandika kitabu."

Fundi mitambo alisogea kwenye kioo. Madereva mjini nao, inawezekana, walipunguza mwendo. Mtangazaji alimgeukia yule msaidizi na kuuliza kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo ilikwenda hewani yote: "Mama, yeye hasikii?"

Mke alikivuta kipaza sauti cha mgeni. Aligeuka upande wa mtangazaji, na kwa hiyo mumewe akabaki na ubavu wa shavu lake.

"Hasikii," alisema. "Ana miaka mingi hasikii. Nyimbo nilikuwa nasikiliza mimi nyumbani, namwambia, anaandika. Mimi ni mke wake. Siku ile waya ulichomoka, naye hakujua. Na huyo kijana ni mdogo wangu wa tumbo moja, hajampa mtu yeyote chochote, kwa sababu hana. Wimbo wake naomba muupige kama mlivyomwahidi. Mimi mwenyewe sijausikia."

Hakimu aliliona lile shavu likicheza. Alidhani mkewe amepewa nafasi ya kusema neno la kumtetea, kama wake za wakubwa wanavyofanya, akaona ni jambo jema. Alitikisa kichwa polepole, kwa heshima, ule utikisaji wake wa maonyesho. Kisha, kwa kuwa alihisi kimya kimezidi na yeye ndiye mgeni rasmi, akainamia kipaza sauti chake.

"Kwenye kitabu hicho," alisema, "nitamshukuru kila aliyenisaidia."

Hakuna aliyecheka. Mtangazaji aliweka kiganja mdomoni. Mke aligeuza kiti, akanyoosha mikono juu ya meza na kumvua mumewe ile hedifoni, taratibu, ikamwacha nywele zimesimama upande mmoja. Akamlaza kiganja shavuni ili amtazame.

"Nimewaambia," alisema kwa midomo iliyo wazi.

"Umewaambia nini?" aliuliza Hakimu, kwa sauti yake ile kubwa, na kipaza sauti kilikuwa bado wazi.